Mama Jeni na Treni ya Mnadani

Simu ilipoita, Katarina alikuwa na perege wawili ndani ya mafuta na mmoja mkononi, na kila aliyewahi kukaanga samaki anajua kwamba saa hiyo hata askofu akipiga atasubiri. Ikaita ikakata. Ikaita tena. Mumewe Marcelino, fundi mwashi ambaye siku hiyo hakuwa na kazi ila kutazama moto wa mwenzake, akaipokea, akasikiliza, kisha akakaa juu ya ndoo ya maji bila kuangalia kama ina mfuniko. Haikuwa nao.

"Jeni kajifungua," akasema, amekaa vile vile ndani ya maji. "Wa kiume."

Vigelegele alivyopiga Katarina vilisikika mtaa mzima wa Nangara, pale Babati. Wateja waliokuja kununua samaki wakageuka kuwa wageni wa kutoa hongera, na wengine wakaondoka na samaki bila kulipa kwa sababu ya furaha. Jenipher alikuwa mtoto wao pekee, ameolewa Morogoro, na huyu ndiye mjukuu wa kwanza. Desturi inajulikana: uzazi wa kwanza, mama mzazi ndiye anayefunga safari na unga wa ulezi na samli. Yeye ndiye anayepika uji, yeye ndiye anayemkanda binti yake kwa maji ya moto, na yeye ndiye anayemwogesha mtoto. Jambo hilo halina mjadala kwa mtu yeyote. Kwa Katarina lilikuwa nao, tena ulianza kabla moto wa samaki haujazimwa.

"Ngoja nikafue kitenge," akasema Scholastica, dada yake Marcelino, ambaye nyumba yake ilitenganishwa na yao kwa ua wa minyaa.

"Cha nini, wifi?" Katarina akauliza.

"Cha safari. Kwani nani atakwenda kumtunza mtoto wa kaka yangu?"

"Mama yake."

Scholastica akacheka, kile kicheko ambacho mtu mzima humchekea mtoto aliyesema akikua atamwoa bibi yake. "Jamani wifi. Na hiyo baiskeli yako?"

Baiskeli ndivyo walivyokiita kiti chake cha magurudumu. Miguu ya Katarina iliacha kazi zamani bila kuaga, na mikono ikachukua zamu zote. Alikuwa na mabega ambayo wapasua mbao wa mjini waliyaonea wivu. Lakini mabega hayakuulizwa kitu siku ile. Watu walitazama magurudumu, wakatazamana wao kwa wao, wakaanza kumsifu Scholastica kwa moyo wake wa kujitolea.

*

Kikao cha ukoo kilifanyika jioni sebuleni. Katarina, ambaye ndiye aliyekuwa ajenda, hakuwemo. Mlango wa sebule ulikuwa na vidato, na kwa kawaida Marcelino humbeba mkewe kuingia. Ila siku hiyo kiuno kilimuuma kwa sababu ya ile ndoo. Basi Katarina akakaa nje chini ya dirisha, na kikao kikamfikia kwa sauti.

Vidato vile vilikuwa aibu ya peke yake. Marcelino alijengea watu nyumba mpaka Singe, na ofisi moja ya mjini aliitengenezea mteremko mzuri wa viti vya magurudumu, akapigwa picha amesimama juu yake. Kwake mwenyewe alikuwa anasubiri simenti. Simenti ilikuwa inakuja tangu Jeni yuko darasa la tatu.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa Gidion, kaka yao mkubwa. Gidion alipanda treni mara moja katika maisha yake, ile ya zamani, kwenda Tabora kwenye jubilei ya padri, na tangu hapo hapakuwa na msiba wala harusi aliyokaa bila kuieleza.

"Treni si basi," akaanza. "Hilo tuelewane. Basi lina konda, konda ana mgongo, atakubeba. Treni haina konda wa kubeba mtu. Ngazi yake ya kwanza inakufika hapa."

"Hapa wapi, shemeji?" Katarina akauliza kutoka nje. "Mimi sioni."

"Kifuani!"

"Kifuani kwako au kwa mtu mzima?"

Ndani mtu akakohoa. Gidion alikuwa mfupi na jambo hilo halikuwa limewahi kutajwa kikaoni.

"Jeni amesema," Katarina akaendelea kabla hawajapoa, "kutoka Dodoma kuna treni ya umeme. Amemwona kwa macho yake mzee mwenye kiti kama changu akishuka pale Morogoro, hajashikwa hata shati."

"Jeni ni mzazi," akasema Gidion. "Mzazi wa jana haongei mambo ya uhandisi."

"Mimi simzuii wifi," sauti ya Scholastica ikaingia, laini kama samli yenyewe. "Mimi namhurumia. Au mmesahau mayai?"

Hakuna aliyesahau mayai. Mwaka wa msiba wa Singida, konda alimpakia Katarina mgongoni, akaingia naye ndani ya basi akitafuta mahali pa kumtua, akamtua juu ya mayai ya abiria. Trei nzima. Kuna watu mjini Babati ambao mpaka leo humsalimia, "Mama Kuku, mambo?" Kikao kikacheka, kicheko cha kujizuia, kinachotokea puani, na hicho ndicho kibaya zaidi. Katarina alisikia uso ukimuwaka. Akashukuru kwamba kuna ukuta.

Jeni alipozaliwa walisema maneno haya haya. Mwachie wifi amwogeshe, wewe utamwangusha. Scholastica akamwogesha, na mama mtu akapewa kazi ya kushika sabuni. Alishika sabuni wiki nzima, akitabasamu, mpaka ikayeyuka kiganjani. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba wiki ile alimchukia kila aliyekuwa na miguu.

"Sikilizeni," akasema, na sauti yake ikawa si ya utani. "Huyu nakwenda kumwogesha mimi. Mtoe masharti yenu, lakini nakwenda."

Mwishowe Gidion akatoa hukumu, maana Gidion alipenda kutoa hukumu kuliko chakula. "Haya. Mama Jeni ataonyesha. Akipanda mwenyewe, pasipo kubebwa na mtu, aende. Akishindwa, tiketi ni ya Scholastica na hakuna kununa."

"Kupanda wapi sasa?" Marcelino akauliza. "Babati hakuna treni."

Kweli haikuwepo. Reli ya karibu ilikuwa mwendo wa basi. Watu wakafikiri mpaka taa ikaanza kucheza.

"Kuna Fuso ya Kilusu," akasema Gidion.

*

Kilusu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Simanjiro, amepanga chumba jirani, na Fuso yake ililala uchochoroni siku zisizo za mnada. Asubuhi Gidion akaizunguka, akasimama kando yake, akapima kwa kifua. Sakafu ya gari ilimfika kidevuni.

"Karibu sawa," akasema. "Treni iko chini kidogo tu."

Habari zilishafika. Majirani walikuja na vigoda vyao. Mama mmoja alileta na maharage ya kuchambua ili asipoteze muda. Marcelino akaegemeza ubao wake wa ujenzi kwenye mlango wa nyuma wa Fuso, na ubao ukasimama kama paa la kanisa.

"Mume wangu," Katarina akamwambia taratibu, "huo ni ubao au ni ukuta?"

"Jaribu tu, Mama Jeni. Mimi niko nyuma yako."

"Hairuhusiwi kuwa nyuma!" Gidion akapaza sauti. "Kaa pembeni. Treni haina waume."

Katarina akarudi nyuma mpaka kwenye minyaa, akavuta pumzi, akayasukuma magurudumu kwa nguvu zake zote. Kiti kikaja kwa kasi, kikapanda ubao mpaka karibu katikati, watu wakasimama. Kikatulia hapo kidogo kana kwamba kinasoma tangazo. Kisha kikaanza kurudi. Kilirudi kwa kasi kuliko kilivyokwenda, kikapita katikati ya vigoda, kikamwaga maharage ya mama wa watu, kikaingia kwa Scholastica kupitia pengo la minyaa wanalopitia kuku, na kikasimama kwenye kamba ya nguo. Kile kitenge cha safari kikamwangukia Katarina kichwani, kibichi.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Gidion akatangaza matokeo. Scholastica akakichukua kitenge chake, akakikung'uta, akasema, "Pole wifi. Umejitahidi," na hilo neno "umejitahidi" lilimchoma Katarina kuliko utomvu wa minyaa.

Kilusu akarudi wakati huo kutoka kunywa chai. Akawatazama, akautazama ubao, akaitazama Fuso yake.

"Gari yangu imefanya nini?"

"Tunapanda treni," Marcelino akamjibu kwa unyonge.

Kilusu akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyekutana na mila za kabila lingine.

Katarina alikuwa bado na maji ya kitenge yanamchuruzika masikioni. Akamkazia macho. "Kilusu. Ng'ombe zako huwa unazipakiaje humu?"

"Mnadani pale kuna kipakilio, mama. Kile kilima cha zege. Gari inarudi kinyumenyume mpaka inagusa. Ng'ombe anatembea tu, anaingia."

"Huzibebi?"

"Nibebe ng'ombe?" Kilusu akamtazama kwa wasiwasi. "Mama Jeni, umeumia kichwa?"

"Hata ndama?"

"Hata ndama."

Katarina akamgeukia mwenyekiti. "Umesikia, shemeji? Ng'ombe habebwi mgongoni na wala hajawahi kukalia mayai ya mtu. Kesho kutwa ni mnada. Nitapandia huko."

"Hapana, hapana," Gidion akasema. "Sharti lilikuwa Fuso."

"Fuso ndiyo hiyo hiyo. Si ulisema ndiyo treni? Sasa umewahi kuona treni isiyo na stesheni?"

Gidion akaigeukia Fuso kana kwamba ingemtetea. Mama wa maharage, akiwa bado anaokota, akasema, "Hapo kweli," na mambo ya ukoo mara nyingi huamuliwa na mtu wa namna hiyo.

*

Siku ya mnada Katarina alikwenda na bajaji. Bajaji hakuwa na ugomvi nayo: kiti chake na kile cha abiria vilikuwa kimo kimoja, akahama mwenyewe kama mtu anayebadili mahali pa kukaa kanisani. Ukoo ulifuata nyuma kwa bodaboda. Majirani nao walikuja, wakidai walikuwa na shida zao mnadani.

Kipakilio kilikuwa pembeni ya zizi: mteremko mwembamba wa zege, wa kupita ng'ombe mmoja mmoja, mrefu wa kutosha, na mabomba ya chuma kila upande ili ng'ombe wasiruke. Fuso ikarudi kinyumenyume mpaka ikagusa. Katarina akakaa chini ya mteremko, akaangalia. Kwenye kilima hicho hapakuwa na uzuri wowote. Palikuwa na kinyesi kibichi na nzi. Lakini mtu aliyekijenga alikuwa amejiuliza swali moja tu: huyu anayekuja atapandaje? Katarina alijaribu kukumbuka ni wapi tena alipowahi kuona swali hilo limeulizwa, akaona bora asikumbuke, maana Marcelino alikuwa karibu na mnadani si mahali pa kugombeza mume.

Akafunga kitenge vizuri, akashika mabomba. Hakusukuma magurudumu, alijivuta kwa mikono, kushoto na kulia, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Kiti kikapanda.

"Twende Mama Kuku!" kijana mmoja wa chapati akapiga kelele.

"Mamako!" Katarina akamjibu bila kugeuka, akajivuta tena.

Katikati ya mlima gurudumu likakanyaga kinyesi, likateleza. Kiti kikayumba. Chini, Marcelino akainua mikono kama anayeomba mvua. Katarina akang'ang'ania bomba, mabega yanatetemeka, jasho linaingia machoni. Hakwenda juu wala hakurudi chini.

Sasa, yule aliyekuwa akilinda geti la zizi hakuwa mtu wa Nangara na hakujua lolote kuhusu treni. Alichoona ni Fuso imegusa kipakilio na kitu kimoja tayari kinapanda. Akadhani upakiaji umeanza. Akafungua geti.

Ng'ombe wa Kilusu walikuwa ng'ombe wenye nidhamu. Wakajipanga. Wa kwanza, jike moja zee lenye pembe moja, akapanda taratibu mpaka akakuta njia imezibwa na mgongo wa kiti. Ng'ombe yule hakuwa na haraka wala ubaya na mtu. Akaweka paji la uso kwenye kiti, akaendelea na safari yake.

Katarina akaingia ndani ya Fuso kama barua ya haraka. Akasimama mwisho kabisa, karibu na dereva. Nyuma yake yule pembe moja, nyuma yake wengine, wakajaa vizuri, na dereva wa Kilusu, aliyekuwa akisikiliza muziki, alipohisi gari limekuwa zito akawasha injini.

"Mke wangu!" Marcelino akapiga ukelele. "Mke wangu yumo!"

Ikabidi Kilusu akasimame mbele ya gari. Mtoza ushuru naye akafika, amechukizwa, maana hesabu yake na kibali havikukubaliana. Akachungulia kwenye mbao.

"Na huyu mama ni wa nani?"

"Si wangu," Kilusu akasema haraka.

"Wangu," akasema Marcelino.

"Basi toa kibali chake cha kusafirisha."

Huku nyuma ugomvi mwingine ulishaanza. "Kasukumwa!" Scholastica alikuwa akiruka. "Kaka Gidion, umeona! Kasukumwa na ng'ombe!"

"Sharti lilisema asibebwe na mtu," Marcelino akajibu. "Ng'ombe ni mtu?"

Wafanyabiashara wakaacha biashara. Wengine wakasema ng'ombe ni msaada kama msaada mwingine. Wengine wakasema sheria ni sheria, imesema mtu. Wakamwuliza Kilusu, kama mtaalamu. Kilusu akafikiri sana.

"Ng'ombe ni zaidi ya mtu," akasema. "Lakini mtu, hapana. Si mtu."

"Shemeji!" sauti ikatoka ndani, katikati ya pembe na mikia. "Amua haraka! Kuna mmoja anakula kitenge changu!"

Macho yote yakamgeukia Gidion. Alikuwa amepanda juu ya jiwe ili aonekane. Labda ni utamu wa kusubiriwa na mnada mzima, labda aliona mikono ya shemeji yake bado imeshika ubao wa gari, imechubuka, haijaachia. Akavua kofia.

"Amepanda," akasema.

Kushuka kulichukua muda, maana ng'ombe walitangulia.

*

Alipojisafisha, Katarina akamtafuta wifi yake. Alikuwa amepanga maneno. Yalikuwa maneno mazuri, makali, ameyapanga tangu wiki ya sabuni. Akamkuta nyuma ya banda la nyama choma, amekaa juu ya kreti, analia kwa sauti ndogo na kujipangusa na kile kitenge cha safari.

"Nini tena, wifi?"

"Niache."

"Unalia kwa sababu nimepanda?"

"Nilitaka kuiona tu," Scholastica akasema. "Treni. Kila siku naonyeshwa kwenye simu za watu. Mimi tangu nizaliwe sijapita Kondoa. Nikasema Mungu kaleta mtoto, na mimi nitapata njia."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Mwanamke mzima, naomba nauli nikashangae treni?"

Katarina akayatafuta yale maneno yake makali. Yalikuwepo bado, lakini hayakuwa na mtu wa kuyapokea. Akamtazama huyu aliyekuwa na miguu miwili mizima maisha yake yote, na haikuwahi kumpeleka popote.

"Una kuku wangapi?" akauliza.

"Kwa nini?"

"Uza. Tunakwenda wote. Ila wifi, tuelewane hapa hapa mbele ya hii nyama: mtoto humgusi kabla yangu."

*

Kwenye basi la Dodoma konda alimbeba mgongoni, hilo halikuepukika, na abiria wote wenye mizigo waliishika mikononi mpaka alipokaa. Hakuna aliyecheka, au yeye ndiye hakusikiliza.

Stesheni ilikuwa kubwa, inang'aa, na Scholastica alipoingia tu alishusha sauti kama kanisani. Mbele yao watu walikuwa wakipanda ngazi zinazotembea zenyewe. Scholastica akazitazama zikimeza watu na kuwapeleka juu, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akakanyagwa na gurudumu.

"Mimi hapo sipandi, wifi. Niue."

"Si una miguu?"

"Ndiyo nataka nibaki nayo."

Binti mmoja mwenye sare akawajia. "Shikamoo mama. Lifti iko huku, njooni taratibu." Katarina akaitikia marahaba akasukuma kiti chake kuingia kwenye kile chumba kidogo cha chuma. Scholastica akaingia nyuma yake, akashika mpini wa kiti kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Chumba kilipopaa, akataja jina la Bikira Maria na la mama yake mzazi, kwa mpangilio huo.

Simu ya Katarina ikaita. Alikuwa Gidion. "Mmefika kwenye ngazi? Mwambie Scholastica ashike vyuma! Ashike vyuma!"

"Anashika, shemeji," Katarina akasema, akimwangalia Scholastica. "Anashika sana."

Juu, treni ilikuwa imeshasimama. Katarina akautazama mlango wake. Alikuwa amejiandaa. Tangu Babati alikuwa akiikanda mikono, akiikunja na kuikunjua. Alikuwa tayari kwa kifua, kwa kidevu, kwa mlima wowote. Mlango ulikuwa pale pale chini, sawa na sakafu aliyokuwa juu yake. Binti wa sare akatandika kipande cha chuma kwenye ule mwanya, akasogea pembeni. Hakumshika. Hakumwuliza mtu mwingine kwa niaba yake. Alisema tu, "Karibu ndani, mama."

Katarina akasukuma mara moja. Akawa ndani.

Ilikuwa imekwisha kabla mikono haijajua. Akabaki ameishikilia juu ya magurudumu, haina kazi, akajifanya anatafuta tiketi.

Nyuma yake Scholastica, ambaye maisha yake yote alikuwa ameambiwa na kaka yake kwamba ngazi ya treni iko kifuani, akakusanya nguo, akainua mguu juu kabisa kama anayevuka ukuta, akaushusha mahali ambapo hapakuwa na ukuta, akaingia kwenye treni ya umeme kwa tumbo.

"Pole wifi," Katarina akamwambia kutoka juu. "Umejitahidi."

Treni ikaondoka bila kelele, hata hawakujua imeondoka mpaka walipoona Dodoma inarudi nyuma. Scholastica akakaa dirishani, akabandika pua kwenye kioo kama mtoto. Kiti cha Katarina kilikuwa na mahali pake, pana, pamefungwa vizuri. Simu ikaita tena. Safari hii alikuwa Jeni.

"Mama! Mko wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani ya treni, mwanangu. Nimeingia na magurudumu yangu. Mtoto yuko wapi?"

"Huyu hapa, kalala. Mama, usijichoshe ukifika, wewe pumzika tu. Mama mkwe ameshamwogesha, ameshampaka mafuta, kila kitu tayari. Mtoto ni msafi kabisa."

Katarina akatazama mashamba yanavyopita mbio dirishani.

"Basi mchafueni," akasema. "Nakuja."